Kumshusha Kitinda Wakati wa Masika

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenikuta njiani na mwavuli nimeuacha ofisini, kama kawaida yangu. Daftari hili nililinunua kwa ajili ya kikao cha mataifa cha mwaka jana, nikaandika kurasa mbili tu. Nimezichana na kuanza upya. Nataka kuandika masika yote, kwa sababu baada ya mafuriko ya mwaka jana kila mtu ofisini alikumbuka mambo kwa namna iliyompendeza, nami nikajikuta sina pa kushika.

Niseme ninachofanya, maana hata ndugu zangu hawajui. Mimi ni mwanasheria wa Ofisi ya Anga. Shemeji yangu kila tukikutana huniuliza safari hii nimemshtaki malaika gani. Tuko watu kumi na wawili katika ghorofa moja iliyokuwa ghala la posta, na tuna satelaiti moja yenye ukubwa wa sanduku la nguo. Jina lake rasmi ni herufi na namba. Sisi tunamwita Kitinda, kwa sababu alikuja baada ya wenzake wawili kuharibika kabla ya kuruka, na baada yake fungu likakauka. Kazi yake ni kupita juu ya mto mara nne kwa siku na kusikiliza vipimo kumi na kimoja vya maji vilivyosimikwa kwenye magenge ambako mtandao haufiki. Anachosikia anatuletea, na sisi tunawapigia watu wa bondeni.

Mdogo wangu ni muuguzi wa zahanati ya huko bondeni. Mwaka jana aliwatoa watu mia tatu kwa simu yetu moja.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Kikao cha bajeti. Nimelala macho wazi, na nadhani sikuwa peke yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo limeingia onyo. Kipande cha roketi ya nchi moja ya wakubwa, kilichokufa miaka thelathini iliyopita na kuachwa kizunguke, kitampita Kitinda karibu mno kesho mchana. Sikio amemsogeza. Sikio ndiye anayemwongoza Kitinda. Aliongoza ndege uwanjani miaka kumi na mitano, na bila vile vifaa vya kusikilizia kichwani huonekana kama mtu aliyesahau kuvaa viatu. Ni mara ya tatu tangu mwaka uanze, na kila tukikwepa tunachoma mafuta yasiyo na pa kujazwa.

Mkataba wa mataifa unasema anga ni la wanadamu wote. Haukusema nani afagie. Kuna miongozo, nayo ni ya hiari: ukimaliza kazi, shusha chombo chako kiteketee hewani, usiwaachie wengine. Mwaka jana nilisimama mbele ya mataifa na kusoma sentensi niliyoiandika mwenyewe: "Nchi yetu itakishusha chombo chake kingali na nguvu ya kushuka, na tunawataka wenye vyombo vingi wafanye vivyo hivyo." Walipiga makofi ya adabu. Mjumbe wa wenye kile kipande cha roketi alikuwa akitafuta kalamu yake chini ya meza. Sentensi hiyo hiyo imo kwenye leseni ya Kitinda: mafuta yakifika sehemu ishirini na tano kati ya mia, ashushwe, asingojee.

Jumatano, 12 Machi

Jua. Nimefua.

Jumatatu, 17 Machi

Mkurugenzi ameniita. Ni mtu wa sauti ya chini, huongea kama anayembembeleza mtoto alale, na ukitoka ofisini kwake unagundua umekubali jambo ambalo hukulikusudia.

"Mama Sheria, niandikie barua ndogo tu. Tunaongeza muda wa Kitinda mpaka mwisho wa mwaka."

"Karatasi za mafuta zinasema tumefika ishirini na tano, bosi. Huo ndio mstari."

"Karatasi," akasema, akatabasamu. "Wewe andika thelathini na tano. Muulize Mzee Akiba."

Mzee Akiba ni fundi wetu mkuu. Jina amelipata kwa haki. Hata sukari ya ofisi huficha kijiko kimoja, ili siku sukari ikiisha awe na cha kutoa na watu wamsifu. Nilimkuta chini ya meza anafunga nyaya.

"Mzee, mafuta ni mangapi?"

"Kwenye karatasi au kweli?"

"Kuna tofauti?"

"Mama, mimi tangu nianze kazi sijawahi kumpa bosi namba kamili. Ukimwambia kuna kumi, atatumia kumi na mbili. Nimeficha sehemu kumi tangu siku ya kwanza. Akiba haiozi."

Nilirudi kwenye meza yangu nikaanza ile barua. Sikuimaliza. Sikuwa na sababu ya kisheria ya kutoimaliza, nilikuwa na kero tu tumboni, na kero yangu ya tumboni imenisaidia mara nyingi kuliko chuo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimechoka lakini lazima niandike yote leo, kabla wenzangu hawajaanza kukumbuka vizuri.

Nilimwomba Sikio anioneshe dakika alizowasha injini kila alipokwepa. Tangi la Kitinda halina geji. Mafuta yaliyobaki huhesabiwa kwa kutoa dakika za kuwasha. Daftari lake lilisema dakika mbili kila mara. Nikamuuliza kama ni mbili kweli. Akavua vile vifaa vyake vya masikioni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya zamu haijaisha.

"Nne," akasema. "Wakati mwingine tano. Nikikwepa nataka nikwepe, dada, sitaki kubaki naomba Mungu. Zile za ziada sikuziandika kwa sababu zinatoka kwenye zile kumi za Mzee."

"Wewe unazijua zile kumi?"

"Nani asiyezijua?"

Nikawaita wote watatu chumba cha mikutano, nikafunga mlango, nikaweka karatasi moja katikati ya meza. Nikauliza swali moja: sehemu kumi zilizofichwa ziko wapi?

Mzee Akiba akasema ziko kwenye tangi, zimetulia. Mkurugenzi akasema yeye alishaziongeza kwenye taarifa aliyopeleka wizarani, maana alijua Mzee anaficha. Sikio akasema yeye alishazichoma, maana alijua Mzee anaficha. Mzee akawatazama mmoja baada ya mwingine kama mtu aliyerudi safari akakuta wapangaji wamekula mbegu.

"Nilidhani hamjui," akasema.

Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyesema uongo kwa ubaya. Kila mmoja wetu aliijua siri ya mwenzake, akanyamaza kwa heshima, akaila. Hata mimi niliijua tangu Jumatatu na sikumwambia mtu. Tulipiga hesabu upya mara tatu. Kitinda ana sehemu ishirini na tano kamili. Zinatosha kumshusha na hazitoshi kitu kingine chochote. Likiingia onyo moja zaidi na tukikwepa, hatashuka tena. Atabaki huko juu, mfu, zaidi ya miaka mia, kwenye njia yenye msongamano, na wajukuu wa wajukuu wetu ndio watakaomkwepa.

Nikauliza kama akishushwa bado anaweza kusikiliza vipimo njiani. Mzee akasema hapana. Bila mafuta hawezi kujigeuza kuelekeza antena mtoni, na betri nazo lazima ziachwe ziishe zisije zikalipuka na kumfanya mmoja awe vipande elfu. Kushusha ni kuzima. Na masika ndiyo kwanza yanakolea.

"Basi tungoje mvua ziishe," Mkurugenzi akasema. "Wiki nane. Kuna polisi huko juu? Miongozo ni ya hiari, wewe mwenyewe unaniambia kila siku."

"Hiari yashinda utumwa, bosi."

"Methali haizuii mafuriko, Mama Sheria."

Hapo alinishinda, nakiri. Lakini tangu jioni ninaisikia sauti yangu mwenyewe mbele ya wale wajumbe, nikiwataka wenye vyombo vingi wafanye vivyo hivyo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nimeahidi. Si ofisi iliyoahidi, ni mimi, kwa mdomo huu. Sitaisaini barua ya thelathini na tano.

Jumamosi, 22 Machi

Nimekwenda bondeni kumwambia mdogo wangu mwenyewe, asije akasikia kwa watu. Nilimkuta anapanga vidonge kwenye vikopo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa.

"Kwa hiyo unanizimia taa ili mbinguni kuwe safi."

"Nitatafuta njia nyingine ya vipimo."

"Ipi?"

"Sijui bado."

"Dada, mwaka jana maji yalifika hapa," akaonesha kidevuni kwake. "Wewe ulikuwa ghorofani. Hiyo ahadi uliwaahidi watu gani? Wanakujua? Wakikukuta njiani watakusalimia?"

Nikamweleza kuhusu miaka mia, kuhusu nchi ndogo zitakazotaka kurusha zao na kukuta njia imejaa mizoga. Nilisema vizuri, nilisema kama nilivyosema kwenye kikao.

"Wagonjwa wangu wanataka kufika mwezi wa sita," akasema. "Nenda. Na usinipigie mpaka uwe na la maana."

Ana haki. Nimelia kwenye gari. Sijabadili mawazo.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeingia kwa Mkurugenzi kabla hajavua koti. Nimemwambia kila kipimo kina nguzo yenye mistari, na mtu mwenye macho anaweza kuisoma, akapanda mpaka mahali mtandao unaposhika, akapiga simu. Kabla ya Kitinda watu walisomaje? Kwa macho.

"Kipimo cha nne kiko kwenye genge."

"Kuna watu wanaishi juu ya lile genge."

Akavua koti, akalitundika. Kisha, kwa sauti ile ile ya kubembeleza, akasema: "Wiki mbili. Ukipata wasomaji kumi na mmoja, nitasaini kumshusha. Usipowapata, utasaini barua yangu, na utaandika thelathini na tano kwa mkono wako."

Nikampa mkono. Ulikuwa umelowa mvua, nao wake pia.

Jumatano, 26 Machi

Barabara imekatika. Tumelala kwenye gari, mimi na Mzee Akiba. Anakoroma kwa mpangilio.

Ijumaa, 28 Machi

Watatu. Mke na mume wenye duka la viatu vya plastiki kipimo cha kwanza, watapokezana. Mlinzi wa pampu cha pili. Cha tano, fundi baiskeli ambaye aliuliza swali moja tu: kama watu wa bondeni watajua kuwa ni yeye.

Mzee Akiba nimekuwa nikimwona mbahili. Kumbe kwenye buti la gari alificha blanketi, tochi tatu, kamba, na kopo la biskuti. Kila tulipokwama, alitoa kitu. Nimemwomba radhi kimoyomoyo. Kwa mdomo nimemwambia biskuti zina ladha ya grisi.

Jumatatu, 31 Machi

Saba. Sikio amepiga simu: kuna kipande kingine kinasogea, bado mbali, watahesabu tena Ijumaa. Nimeambiwa nisihangaike. Anayeniambia nisihangaike hanijui.

Jumatano, 2 Aprili

Kipimo cha tisa ndicho kikubwa kuliko vyote. Kiko pale mito miwili inapokutana, mwendo wa maji wa saa mbili na nusu juu ya bonde. Maji yakipanda pale, bonde lina muda huo tu. Chini ni korongo, juu ya korongo kuna njia panda yenye vibanda vitano, na kibanda cha mwisho ni cha kinyozi.

Alikuwa anamnyoa mteja. Alinisikiliza bila kusimamisha mashine.

"Nishuke korongoni mara tatu kwa siku, nisome mstari, nipande, nipige simu?"

"Ndiyo. Mpaka mvua ziishe."

"Na nikiumwa?"

"Unatuambia, tunamtafuta mwingine."

"Kwa nini mimi?"

Nikamwambia ukweli: kwa sababu vibanda vingine vinne vilikuwa vimefungwa. Mteja akacheka mpaka kinyozi akalazimika kuinua mashine.

"Sawa, mama," akasema. "Mstari ndiyo kazi yangu. Kwenye mstari sikosei." Akamgeuza mteja kichwa ili nione ushahidi. Kweli, ulinyooka.

Jumamosi, 5 Aprili

Kumi. Bado cha nne. Watu wa juu ya genge wamekataa. Wanasema ofisi yetu iliahidi kuwatengenezea njia wakati wa kusimika kile kipimo na haikufanya. Nimekaa nao mchana kutwa. Nimeandika ahadi ya njia kwenye karatasi, nimesaini, wakaniuliza wataiaminije hii ikiwa ya kwanza haikutimia. Nikawaambia wanipe mpaka baada ya mvua, na kama sikutimiza waje ofisini na nguzo yetu waivunje mbele yangu. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu akasema atasoma, si kwa ajili yangu, kwa sababu anapenda namba.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkurugenzi amesoma majina kumi na moja, akampigia kila mmoja. Kila mmoja! Mwalimu wa hesabu alimsahihisha namba ya kipimo. Kisha akatoa kalamu, akasaini. Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba, ikabidi niimeze.

Hesabu za Ijumaa zimekuja na kuchelewa: kile kipande kitampita Kitinda Alhamisi. Kwa hiyo ni kesho na keshokutwa, au basi. Wasomaji nao wanaanza kesho.

Jumatano, 9 Aprili

Ameshuka.

Ilihitaji kuwasha injini mara sita kwa siku mbili, kila mara alipopita juu yetu. Mara tano zilikwenda sawa. Ya sita ilitakiwa dakika saba. Watu wote kumi na wawili tulikuwa chumba cha Sikio, hata mhudumu wa mapokezi, milango wazi na simu zinalia bila wa kupokea. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Dakika ya sita Sikio akainua mkono. Injini ilikohoa, ikarudi, ikakohoa, ikanyamaza. Sekunde arobaini pungufu.

Mzee Akiba alihesabu kwa penseli huku midomo inamchezacheza. "Inatosha," akasema mwishowe. "Yuko chini vya kutosha, hewa itamvuta polepole, atateketea ndani ya miaka mitano. Minne na kitu." Akaketi sakafuni. Mkurugenzi akaangalia zile sekunde arobaini kwenye kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Na mimi niliandika wizarani thelathini na tano." Kesho anakwenda kuirekebisha taarifa hiyo mwenyewe. Sikumtuma.

Betri zimeachwa ziishe. Saa tisa na dakika kumi alasiri Sikio hakusikia kitu tena. Mimi nimejaza fomu ya kuyaarifu mataifa, kwenye daftari lile kuu la vyombo vya anga: hali ya chombo, kimeshushwa, kimezimwa. Nilijivuna, sifichi. Halafu nikatoka nje nikaona mawingu na furaha ikaniishia.

Ijumaa, 11 Aprili

Vipimo kumi na kimoja asubuhi, kumi na kimoja mchana, kumi jioni. Mlinzi wa pampu alilala.

Jumanne, 15 Aprili

Barua kutoka kwa wale wenye kipande cha roketi. Wanatupongeza na wanaomba tuwatumie utaratibu tuliotumia. Nimewajibu kwa heshima zote, nimeambatanisha utaratibu, na mwishoni nimewauliza chao kinashuka lini. Hawajajibu. Nitawauliza kila Jumanne mpaka nistaafu.

Jumamosi, 19 Aprili

Mdogo wangu hajapokea simu zangu wiki nne. Namba za mto anazipokea kutoka kwa Sikio. Sikio anasema huitikia "sawa" na kukata.

Kinyozi hatumi namba tupu. "Mita mbili na nukta moja, mama. Mto umebeba kiti." "Mita mbili na nukta tatu. Leo wateja sifuri, mto ndiyo mteja wangu." Ofisi nzima inasubiri zamu yake. Hajakosa hata mara moja.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua siku tatu bila kupumua.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika baada ya kunywa maji mara mbili.

Asubuhi saa kumi na mbili namba zilianza kuingia. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa na kumi. Zote zimepanda, hakuna iliyopita alama ya hatari. Kipimo cha tisa, kimya. Tukampigia kinyozi. Simu haipatikani.

Mkurugenzi akasema tungoje saa moja zaidi. Hakuwa mjinga kusema hivyo. Wakati wa Kitinda kile cha tisa kilikuwa kinanyamaza kila baada ya siku mbili. Betri ikilowa kinazimika, kikikauka kinarudi, nasi tulishazoea kuruka mstari wake. Na kuwatoa watu bure ni hasara. Ukiwatoa bure leo, kesho hawatoki.

Niliangalia lile daftari la Sikio. Siku ishirini, mara tatu kwa siku. Mara sitini mfululizo, hata ile siku aliyotuma "mita mbili na nukta nne, nina homa."

"Bosi, hii si betri," nikasema. "Huyu ni mtu. Mtu ambaye hajakosa mara sitini, akikosa, kuna kilichomkosesha."

"Na kama simu imeanguka tu majini?"

"Basi nitawaomba radhi watu wa bondeni, nyumba kwa nyumba. Nipe ruhusa."

Alifumba macho. "Piga."

Nilipiga kwa simu ya Sikio, ili apokee.

"Sawa," mdogo wangu akasema, kabla sijatamka kitu.

"Ni mimi. Watoe watu. Sasa hivi."

Nikasikia mvua kwenye bati lake.

"Cha tisa kinasemaje?"

"Hakisemi. Msomaji hajapiga."

"Hajapiga tu?"

"Hajawahi kukosa. Ninakuomba, mdogo wangu. Nikikosea, usinisemeshe mpaka nife."

Nilimsikia akiweka simu mezani bila kukata, kisha nikasikia chuma kikigongwa, kengele ile ya zahanati, tena na tena, na sauti yake akipiga kelele: panda juu, panda juu, acha kitanda hicho! Nilisikiliza mpaka simu ikakatika yenyewe.

Maji yaliingia bondeni saa mbili na dakika ishirini.

Saa tano akanipigia kwa simu ya mtu.

"Zahanati imeondoka. Duka, shule, vyote. Watu wapo. Nimehesabu mara mbili."

"Na wewe?"

"Mimi si mtu?" Alikuwa analia na kucheka pamoja. Halafu sauti ikabadilika. "Yule wa kipimo cha tisa yuko wapi?"

"Hatujui."

"Mtafuteni, dada. Usinipigie mpaka umpate."

Jumanne, 29 Aprili

Hajapatikana. Mzee Akiba na watu wa njia panda wametafuta korongoni mpaka giza. Nguzo haipo. Njia ya kushukia haipo. Kibanda chake kiko wazi, mashine ya kunyolea imening'inia kwenye msumari.

Nilitoa chuma nikaweka mtu. Hilo ndilo nililolifanya, na hakuna kifungu chochote cha mkataba wowote kitakachonifichia. Kipimo kingezama, tungeandika hasara. Ningekuwa na nafasi ya kuamua tena, ningemshusha tena, na ndiyo maana sili wala silali: kwa sababu najua ningemshusha, na najua ningerudi tena kwenye kibanda kile cha mwisho. Lakini ningempa kamba. Ningempa mwenzake wa kushuka naye. Mambo hayo nilikuwa na wiki mbili za kuyafikiria, nami nilikuwa nahesabu majina.

Leo ni Jumanne. Nimewaandikia wale wa roketi.

Jumatano, 30 Aprili

Saa nne asubuhi simu ya mezani imelia, namba nisiyoijua. Ni dereva wa lori aliyekwama upande wa pili wa korongo. Akasema kuna mtu hapa ana miguu imechubuka vibaya, amekaa siku mbili juu ya mwamba, amekataa kunywa hata chai mpaka apige simu.

"Mama Sheria?" Sauti ilikuwa imekauka kabisa.

Nilimwonesha Sikio simu kwa kidole na Sikio akaanza kupiga meza kwa viganja, na watu wakatoka kila chumba.

"Mama, uko hapo?"

"Nipo, baba. Nipo."

"Nisamehe, nimechelewa. Simu ilikwenda na maji. Una kalamu?"

"Kunywa chai kwanza. Upo hai, wengine pia wako hai, kunywa chai."

"Una kalamu, mama?"

"Ninayo."

"Andika. Jumatatu, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Mita tano na nukta nne. Niliuona mstari vizuri, halafu nguzo ikaondoka. Sikukosa zamu. Umeandika?"

Nimeandika.